Tuseme gifu, pingi na jeipegi, na tuziandike hivyohivyo

Ndugu Mhariri,

Mteja anapiga simu kutoka Mtumba kwenda duka la uchapishaji mjini Dodoma. Anataka bango. Fundi anamwambia, "Nitumie nembo ya pii eni jii." Upande wa pili bodaboda inapita, upepo wetu wa hapa unavuma ndani ya simu, na kinachosikika ni "...ii jii" tu. Mteja anatuma jei pii jii. Bango linatoka na kiboksi cheupe kuzunguka nembo, juu ya turubai la kijani, na hapo unaanza ubishi wa nani alipe.

Ubishi wa namna hiyo huanzia mdomoni kabla haujafika kwenye mashine. Majina ya fomati za picha, yaani namna picha zinavyohifadhiwa kwenye faili, tumeyapokea kwa herufi, hatukuyapa matamshi, na magazeti, hili lako likiwamo, huandika GIF, PNG na JPEG kwa herufi kubwa na kumwachia msomaji ajitafutie. Tunaomba jambo hilo lifike mwisho, na tunaeleza hapa ni matamshi gani yanafaa na kwa nini.

Mtoto wa Kitanzania hufundishwa herufi mara mbili. Kwanza anaimba a, be, che, de. Baadaye anaambiwa ei, bii, sii, dii. Seti hizi mbili hukaa pamoja kichwani na hugongana mahali palepale siku zote: kwenye E na I, na kwenye G na J. Mtajie mtu "ii pii esi". Anayefikiri kwa herufi za Kiingereza ataandika EPS. Anayefikiri kwa Kiswahili ataandika IPS, kisha atahangaika kutafuta programu ya kufungua kitu kisichokuwapo. Sema "jii", mmoja ataandika G, mwenzake J. Na ukitazama majina matatu yanayozunguka zaidi mezani kwa msanifu, yaani JPG, PNG na GIF, yote yana jii ndani yake na mawili yanaishia nayo. Ukiyataja herufi mojamoja, sikio hushika mwisho kuliko mwanzo, na mwisho ni uleule.

Tuanze na GIF kwa kuwa ndiyo yenye kesi ya muda mrefu. Fomati hii ilitolewa na kampuni ya Marekani ya CompuServe mwaka 1987, na timu iliyoitengeneza iliongozwa na Steve Wilhite. Mwenyewe alitaka itamkwe kwa sauti ya j na hakubadili msimamo. Mwaka 2013 alipopewa tuzo ya Webby kwa kazi ya maisha yake, hotuba yake yote ilikuwa maneno matano ya Kiingereza, na yote matano yalihusu matamshi hayo. Alifariki mwaka 2022, ubishi akauacha hai.

Wanaompinga wanasema G hiyo imetoka kwenye neno la Kiingereza graphics, lenye g nzito, hivyo kifupisho kirithi sauti ya neno lililokizaa. Hoja tamu, lakini haifiki mbali. P ya JPEG imetoka kwenye neno ambalo Waingereza hulitamka kwa f, lile la picha za kamera. Kwa kanuni hiyo sote tungekuwa tunasema jeifegi.

Katika Kiswahili hoja ya kurithi sauti ingekuwa na nguvu, kwa sababu vifupisho vyetu vingi huundwa kwa silabi. BAKITA ni ba ya baraza, ki ya Kiswahili na ta ya taifa. BASATA, TATAKI na UKIMWI ni vivyo hivyo. Anayesikia kifupisho anasikia vipande vizima vya maneno yenyewe. Kiingereza huchukua herufi tupu, na herufi zao hubadilika sauti kutegemea jirani aliyekaa kando. Ndiyo maana kesi ya GIF isingeweza kuzaliwa kwetu. G yetu ni ya gari, giza, gogo na gunia, iwe mbele ya a au mbele ya i, na sauti ya j ina herufi yake. Tahajia iliyosanifiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 haikuipa G kazi mbili.

Tazama jinsi maneno ya wageni yalivyopokelewa mlangoni. Yaliyokuja na g laini yalivuliwa herufi hiyo yakavishwa nyingine: jenereta, injini, injinia, jiografia. Yaliyokuja na g nzito yaliachiwa: gazeti, galoni, gauni. Gereji lilikuja na zote mbili, na kila sauti ikapewa herufi yake ndani ya neno lilelile. Hakuna aliyeitisha mkutano.

Kwa hiyo njia ziko mbili. Ukifuata sikio la Wilhite, andika jifu. Ukifuata jicho, soma gifu. Kinachokataliwa na Kiswahili ni kuandika G na kusema j.

Sisi tunachagua gifu. Kazini jina hili huonekana zaidi kuliko linavyosikika: fundi hulikuta kwenye mkia wa faili, .gif, mara nyingi kwa siku, na akilisoma kwa kanuni aliyoijua tangu darasa la kwanza anapata gifu bila kuelekezwa na mtu. Halafu kuna suala la ngeli, ambalo wabishi wa Kiingereza hawana habari nalo. Neno jifu linasikika kama limebeba ji- ya umoja. Ulimi wa Mswahili utalivuta upande wa LI-YA, tutasema jifu hili, majifu haya, na hapo tumeshafika jikoni kwenye majivu, ambayo kamusi za zamani huyaandika pia majifu. Gifu inatulia vizuri kwenye I-ZI: gifu hii inacheza, gifu hizi zinacheza.

La pembeni kidogo. Watengenezaji wa GIF walipokuwa wakitania kuhusu jina lao walikopa tangazo la siagi ya karanga ya Kimarekani iitwayo Jif. Mzaha huo hauna ladha mkoani kwetu. Ukitaja karanga na wageni kwa pamoja, watu hukumbuka Kongwa na ule mpango wa Waingereza ulioanza 1947 na kufutwa 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni.

PNG nayo ilizaliwa kutokana na ugomvi wa GIF, ila ugomvi wa pesa. Njia ya kubana data iliyomo ndani ya gifu, iitwayo LZW, ilikuwa na hataza ya kampuni ya Unisys, na mwishoni mwa 1994 ilitangazwa kwamba watengenezaji wa programu zinazotumia gifu watatakiwa kulipia. Mwanzoni mwa 1995 watu wakaanza kuandika fomati mbadala isiyodaiwa na mtu, na ikapitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi Oktoba 1996. Walikuwa wameshaona yaliyomkuta mwenzao. Ndani ya maelezo rasmi ya fomati waliandika kabisa kwamba inatamkwa ping.

Basi kwetu iwe pingi. Tunajua maduka mengi yameshazoea pienjii, na hatumkemei mtu. Lakini pienjii na jeipijii ni ndugu wa sauti, na gharama ya kuwachanganya ndugu hawa analipa mteja. Pingi haifanani na kitu chochote kingine kwenye kazi hii. Ina silabi mbili na haipotei kwenye kelele za Jamatini.

Kile kiboksi cheupe kina maelezo yake, na yanastahili nafasi. Jeipegi haina mahali pa kuhifadhi uwazi. Kila pikseli ndani yake, yaani kila nukta inayounda picha, lazima iwe na rangi, kwa hiyo sehemu iliyokuwa wazi hujazwa rangi, kwa kawaida nyeupe, mara nyingine nyeusi. Pingi huweza kubeba kiwango cha uwazi kwa kila pikseli, kwa kawaida ngazi 256 kutoka wazi kabisa hadi zito kabisa, na ndiyo maana kingo za nembo huyeyukia taratibu kwenye rangi iliyo chini yake. Gifu iko katikati: ina uwazi, lakini wa ndiyo au hapana. Pikseli ama ipo, ama haipo. Nembo ya gifu ikiwekwa juu ya rangi nyeusi utaona meno ya msumeno na ukingo mweupe kama wa shati lililofuliwa vibaya. Juu ya hayo, kila fremu ya gifu hutumia jedwali la rangi zisizozidi 256, hivyo picha ya anga la jioni hutoka na mistari mipana ya rangi mahali palipotakiwa kuwa na mpito laini. Gifu ibaki kwenye michoro midogo inayocheza. Na hata huko inapungua: zile "gifu" za WhatsApp kwa kweli ni vipande vya video vya MP4, ndiyo maana ukizihifadhi na kujaribu kuziweka kwenye programu ya picha zinakataa.

Kosa jingine tunalokutana nalo ni la mkia. Mteja akiambiwa panatakiwa pingi, hufungua jina la faili, hufuta jpg na kuandika png. Hiyo ni kubandika lebo ya mvinyo wa zabibu kwenye chupa ya juisi. Data iliyo ndani ni ileile. Programu nyingine hulifungua faili hilo kimyakimya kwa kuwa husoma mwanzo wake na kupuuza mkia. Nyingine hugoma na kusema faili limeharibika, na mteja huamini limeharibika kweli.

Kujua ukweli ni rahisi. Fungua faili kwa programu ya maandishi matupu kama Notepad, tazama herufi za mwanzo tu, kisha funga bila kuhifadhi chochote, maana ukihifadhi utaliharibu. Pingi halisi huanza na alama moja ya ajabu ikifuatwa na PNG. Gifu huanza na GIF87a au GIF89a, tarakimu hizo zikiwa ni miaka ya matoleo yake mawili. PDF huanza na alama ya asilimia kisha PDF. Faili la Photoshop huanza na 8BPS. TIFF huanza na II au MM. WebP huanza na RIFF, halafu alama nne, halafu WEBP. Jeipegi huanza na alama zisizosomeka, na karibu yake mara nyingi utaona JFIF au Exif. Kwenye Windows, kabla ya yote, ruhusu mikia ya mafaili ionekane. Mipangilio ya kawaida huificha, na faili linaloitwa nembo.png linaweza kuwa nembo.png.jpg lililofichwa mkia wake wa kweli.

Tuseme na hili wazi: kuigeuza jeipegi kuwa pingi kwa njia sahihi, ndani ya programu, hakuondoi weupe. Weupe ulishakuwa rangi. Lazima mtu aukate kwa mkono au kwa zana ya kuchagua, na kingo hazitakuwa safi kama za asili. Na ukiituma pingi kwa WhatsApp kama picha, njiani hugeuzwa kuwa jeipegi na kupunguzwa ukubwa. Itume kama hati. Ukiona fundi anakusisitizia neno hati, ujue anakuepusha na kazi ya kulipia mara mbili.

JPEG ni jina la kamati iliyoitunga, na kiwango chake ni cha mwaka 1992. Jeipegi ni matamshi ambayo tayari yanajulikana, kwa hiyo hapa tunaomba tu kwamba jeipijii iachwe. Jeipijii ndiyo inayogombana na pienjii kwenye simu, tena inatoa picha ya uongo kwamba JPG na JPEG ni vitu viwili. Ni kimoja. Mfumo wa zamani wa DOS uliruhusu herufi nane kabla ya nukta na tatu baada yake, kwa hiyo JPEG ikakatwa ikawa JPG, na TIFF ikawa TIF. Kipimo hicho kilishapita, mkia mfupi ukabaki kwa mazoea. Watu wamelipia "kubadilisha JPEG kwenda JPG" kwenye stesheneri kwa sababu mfumo wa maombi wa mtandaoni ulikataa mkia mmoja na kukubali mwingine. Hiyo ndiyo hali ambapo kubadili jina la faili kunatosha na ni halali. Futa ile e, basi.

Jeipegi hubana picha kwa kuigawa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa maelezo ambayo jicho huyaona kwa shida. Kwa picha ya uso au ya mwamba wa Simba hutaona kitu. Kwa maandishi na nembo utaona vumbi kuzunguka kila herufi, kama nzi waliozunguka zabibu zilizoiva. Kila unapoifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi upya, hutupa tena. Anayejua kazi huhifadhi hatua zake kwa PSD, faili la Photoshop, au TIFF, na hutoa jeipegi mara moja tu, mwishoni.

Zilizobaki tuzipitie haraka. TIFF ilitoka kwa kampuni ya Aldus mwaka 1986, baadaye Aldus ikanunuliwa na Adobe. Isomwe tifu. Wakulima watacheka kwa sababu ya udongo tifutifu, na wacheke. Hakuna atakayelisahau jina. Tifu hubeba rangi nne za wino wa uchapishaji, jambo ambalo pingi na gifu haziwezi, kwa hiyo kazi ya jarida inayokwenda kwenye mashine kubwa ipelekwe kwa tifu au pidiefu. Fulana za kuchapwa kwa filamu ya kuhamishia hutaka pingi yenye nyuma wazi. Muhuri, stika za kukatwa kwa plota na nembo za kudarizi hutaka vekta, yaani mchoro unaohifadhiwa kama mistari na vipimo, ambao hauchakai ukikuzwa.

Kwenye vekta kuna EPS, SVG, CDR na AI. EPS tunapendekeza isomwe epsi, kwa sababu ile ya E na I iliyotajwa mwanzo. Na hapa kanuni nzima inajionyesha. Kifupisho chenye irabu ya kutosha kujenga silabi tunakisoma kama neno: TANU, VETA, NIDA, UDOM. Kisicho na irabu tunakitaja kwa herufi za Kiingereza zilizovalishwa Kiswahili: CCM ni sisiemu, na hakuna Mtanzania anayekosea. Kwa hiyo SVG ni esivijii, PSD ni piesidii, PDF ni pidiefu, CDR ni sidiaa. Pingi inavunja kanuni hii, tunakiri, lakini ina ruhusa ya waliomzaa.

AI imeingia balaa jipya. Zamani fundi akisema "nitumie AI" alimaanisha faili la Illustrator. Siku hizi mteja anaelewa akili unde, anakwenda kumwomba mashine amchoree nembo, anarudi na picha ya pikseli ambayo plota haiwezi kuikata. Sema faili la Illustrator, umalize. CDR ni la CorelDRAW, na tatizo lake si jina: toleo la zamani la programu halifungui faili la toleo jipya. Anayetuma achague toleo la chini wakati wa kuhifadhi, na ageuze maandishi yote kuwa mistari kwanza, Ctrl na Q kwenye CorelDRAW, Ctrl, Shift na O kwenye Illustrator. Asipofanya hivyo na fundi akakosa fonti hiyo, jina la bibi harusi litatoka kwa mwandiko wa barua ya ofisini.

WebP ilitolewa na Google mwaka 2010, na wenyewe walisema itamkwe weppy. Kwa Kiswahili hiyo ni wepi, na wepi ni swali. "Nimetumiwa wepi." "Wepi tena?" Haiwezekani. Iwe webupi. Ndiyo hiyo inayoshuka ukihifadhi picha kutoka tovuti nyingi za sasa, na Photoshop ilianza kuifungua yenyewe kwenye toleo la 23.2 la mwaka 2022. Mwenye toleo la nyuma ya hapo anahitaji programu-jalizi au aigeuze kwanza. HEIC, isomeke heiki, ni picha za iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Mwenye simu hiyo aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, achague ile inayooana na vifaa vingi, na simu itaanza kupiga jeipegi.

RAW si kifupisho hata kidogo, ingawa huandikwa kwa herufi kubwa kana kwamba ni taasisi. Ni neno la kawaida lenye maana ya mbichi, na kila kampuni ya kamera ina mkia wake: CR2 na CR3 za Canon, NEF ya Nikon, ARW ya Sony. Hapa hatuna haja ya kukopa. Tuseme picha mbichi. Tunaepuka pia taabu ya wale ambao r na l kwao ni kitu kimoja.

Mtu akilazimika kutaja herufi kwenye simu, azifunge kwenye majina ambayo kila mtu wa mkoa huu anayajua. B ya Bahi, C ya Chamwino, D ya Dodoma, E ya embe, G ya gunia, I ya Iringa, J ya Jamatini, K ya Kondoa, M ya Mpwapwa, N ya Nzuguni, P ya Pwani. "P ya Pwani, N ya Nzuguni, G ya gunia" haliwezi kusikika kama "J ya Jamatini, P ya Pwani, G ya gunia" hata upepo ukivuma.

Na jina la fomati peke yake halitoshi kwenye oda. Lazima liambatane na kazi na ukubwa. "Nahitaji pingi, nyuma wazi, upana usiopungua pikseli 2000, nembo ya fulana, kama una epsi au esivijii, tuma hiyo." Sentensi moja hiyo inaokoa simu nne. Kwa karatasi ya A4 inayochapwa kwa nukta 300 kwa inchi, picha iliyojaza ukurasa iwe na pikseli 2480 kwa 3508. Bango la mita 3 kwa 1 halihitaji nukta 300, kwa kuwa husomwa kwa mbali. Kwa nukta 72 kwa inchi zinatosha pikseli 8504 kwa 2835. Msanifu anayelazimisha 300 kwenye bango la ukubwa huo anajitengenezea faili la pikseli 35,433 kwa upana, na kompyuta ya stesheneri itasimama kama gari lililokwama kwenye tope la Machi.

Wapo watakaouliza kijana wa UDOM au wa VETA atasema nini akihojiwa na mwajiri kutoka Uingereza. Atasema kwa Kiingereza, kama anavyosema engine akiwa huko na injini akiwa huku. Jina la mji huu lenyewe, kama linavyosimuliwa, lilitoka kwenye Kigogo, idodomya, pale tembo alipozama, na midomo ya wengine ikalifanya Dodoma. Wagogo hawakuacha kusema lao.

BAKITA wana mamlaka ya kusanifu istilahi na tungefurahi walitazame jambo hili. Wakati tukisubiri, gazeti lina uwezo wake. Ndani ya habari, andikeni gifu, pingi, jeipegi, tifu, epsi na webupi kwa herufi ndogo kama maneno mengine, na mziweke kwenye I-ZI: pingi hii, pingi hizi. Neno faili likitangulia, lenyewe ndilo litawale: faili la tifu limefunguka, mafaili ya tifu yamefunguka. Herufi za asili zibaki pale tu mnapotaja mkia wa faili, na zianze na nukta, .png, .jpg, ili msomaji ajue anatazama maandishi ya kompyuta na asijaribu kuyatamka. Na kwenye matangazo ya kazi na ya zabuni, yale yanayodai picha iwe "JPG au JPEG", futeni hayo mawili muandike jeipegi. Nafasi itakayobaki ijazeni ukubwa wa picha kwa pikseli, maana hilo ndilo matangazo mengi huliacha, na ndilo linalowarudisha watu stesheneri mara ya pili.

Wenu,
Wasanifu wa michoro na wachapaji,
Dodoma mjini